Siku Nilipovaa Kanga ya Mama Naomi

Mimi ni mzee wa kanisa, nina mvi mpaka kwenye nyusi, na bado nikipita sokoni hapa Babati kuna akina mama wa kwenye nyanya na vitunguu ambao, wakishaniamkia shikamoo kwa adabu zote na mimi nikaitikia marahaba, huuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kanga leo umeiacha nyumbani?" Naona aibu kila mara, lakini namshukuru Mungu kwa kunifikisha umri wa kuchekwa, na kwa kuwa mkasa huu wanausimulia vibaya (kuna wanaosema nilijifunga na kilemba, si kweli), acheni niusimulie mwenyewe.

Chanzo ni binti yangu wa mwisho, Naomi. Amefundisha shule ya Jumapili tangu akiwa kidato cha pili, na alipomaliza kidato cha sita akaniambia anataka kwenda kusoma theolojia awe mchungaji. Wachungaji wanawake si jambo geni kwetu Walutheri, tunao, na mmoja ndiye aliyemzika mama yangu kwa heshima kubwa. Shida haikuwa Maandiko, shida ilikuwa maneno ya watu. Kwa utaratibu wa usharika wetu, jina la kijana haliendi chuoni mpaka mzee wa kanisa wa mtaa wake asimame mbele ya washarika amsemee, na mzee wa mtaa wetu ndiye mimi. Kila mara mchungaji aliponiuliza nilimjibu, "Tuendelee kuliombea." (Niliomba kweli, lakini niliomba Naomi abadilishe mawazo, na nadhani mbinguni walikuwa wananicheka.)

Pale Nakwa, mtaani kwetu, tuna benchi mbele ya duka, tunakaa mimi na rafiki yangu Baba Yohana, dereva wa lori mstaafu, na wengine wanaopita. Hapo ndipo nilipoambiwa, "Mzee, binti yako amekuwa mfeministi." Neno lenyewe hakuna aliyelijua vizuri. Mmoja alisema ni mwanamke asiyepika, mwingine akasema ni mwanamke anayempangia mumewe zamu ya kuosha vyombo, na mwenye duka akasema kwa alivyosikia redioni ni watu wanaodai haki tu, lakini hakuna aliyemsikiliza kwa sababu alikuwa anapima sukari. Mimi nikaichukua ile ya kutopika, nikaenda nayo nyumbani. Naomi alikuwa jikoni anapika, na hata hilo halikunifungua macho.

Ikakaribia Jumapili ya wanawake. Siku hiyo akina mama huongoza ibada yote na akina baba hupika chakula cha mchana. Mhubiri akapangwa Naomi, mkuu wa jiko nikapangwa mimi. (Mchungaji wetu ni mtu mpole lakini ana akili sana.) Akaniambia, "Mzee, siku hiyo baada ya mahubiri tutaomba neno lako juu ya binti. Chuo kinafunga kupokea majina. Ukinyamaza, ni mpaka mwaka mwingine."

Jumapili iliyotangulia nilikuwa natoa matangazo. Ningetangaza nikakaa chini, yangeisha hapo. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi na watu walikuwa wananitazama, nikaongeza la kwangu: "Ndugu zangu, na huu ufeministi tuwe nao makini. Leo mnatupeleka jikoni, kesho mtatuvika kanga. Siku mtakayoniona mimi nimevaa kanga, jueni dunia imefika mwisho!" Watu walicheka mpaka wanakwaya wakaangusha vitabu. Naomi hakucheka. Jioni, akiniwekea maji ya kunawa, akasema, "Baba, mimi sitaki uvae kanga. Nataka useme ndiyo au hapana, ili nijue."

Nikanawa.

Jumamosi mke wangu akaniita jikoni. "Baba Naomi, njoo nikuonyeshe. Ugali wa watu wengi si kama wa nyumbani."

"Mama Naomi, ugali nimeula maisha yangu yote, nitashindwa kuupika?"

"Haya. Basi vaa suruali ya shamba."

"Mzee wa kanisa asimame mbele ya washarika na suruali ya shamba?"

Kesho yake nikavaa suti ya kijivu, ile niliyoshonewa kwa harusi ya kifungua mimba wetu, wakati huo tumbo langu lilikuwa bado la kijana.

Tukawasha moto nyuma ya kanisa, Baba Yohana kwenye maharage, mimi kwenye ugali. Baba Yohana (nilikuja kujua baadaye) alikuwa amefundishwa na mkewe kwa siri wiki nzima, kwa hiyo maharage yake yalichemka kwa utulivu. Mimi maji yangu yalipochemka sikukoroga uji kwanza, sikutia unga kidogo kidogo, nilimimina wote kwa mara moja, kwa imani. Kikanyanyuka kitu mfano wa kilima, kikavu juu na kinatokota chini, nikachukua mwiko mrefu kama kasia la wavuvi wa ziwani, nikaukita, nikapanua miguu, nikainama kugeuza, na suruali ikapasuka nyuma kuanzia kwenye mkanda mpaka karibu na goti.

"Baba Naomi," akasema Baba Yohana bila kugeuka, "hiyo sauti ni ya kuni?"

"Si ya kuni."

Sahani zilikuwa zimefunikwa kanga ya Mama Naomi, ya njano yenye mananasi makubwa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaichukua na kujifunga kiunoni. Nilikusudia kupakua haraka, kisha nipenye kwenye migomba na kupanda bodaboda hadi nyumbani kabla ibada haijaisha.

Hapo ndipo sauti ya Naomi ikatoka kwenye spika iliyofungwa juu ya mlango. Alikuwa anaeleza habari za Bwana usiku ule wa mwisho, alivyoinuka mezani, akajifunga taulo kiunoni, akawaosha rafiki zake miguu, kazi waliyoachiwa watumishi wa nyumba. Akauliza taratibu, kama anavyowauliza watoto wa shule ya Jumapili, "Lile taulo lilimpunguzia Bwana nini?" Nikatazama yale mananasi. Nimeisoma habari hiyo tangu kipaimara, nimeifundisha, na sikuwahi kusimama ndani yake namna ile. Nikasimama nasikiliza, nikasahau kuni, nikasahau sufuria.

Ugali haukunisahau. Uliungua mpaka moshi ukawa mweusi, upepo wa ziwani ukauingiza madirishani, mtu akapiga kelele "Moto!" na usharika mzima ukatokea mlango wa nyuma. Baba Yohana alikimbilia nyuma ya choo. Wakanikuta mimi peke yangu, koti la suti juu, kanga chini, mwiko umesimama wenyewe katikati ya ugali.

Kisha Mama Yohana, kiongozi wa kwaya, akainua mikono juu. "Jamani, dunia imefika mwisho!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. "Mzee, tutubu kabla ya kula au baada?" "Mananasi yamekupenda, Mzee!" Mke wangu alikuwa amekaa chini kabisa, anafuta machozi.

Asiyecheka alikuwa Naomi. Alisimama mlangoni ameikumbatia Biblia yake, na nikajua anachowaza: Baba ameaibika mbele ya watu, basi tena. Mchungaji naye akanisogelea, akasema kwa upole, "Mzee, unaweza kwenda kubadili nguo. Neno lako litasubiri."

Njia ilikuwa wazi. Ningeondoka na aibu yangu, na Naomi angesubiri mwaka mwingine.

"Hapana, Mchungaji," nikasema. "Bwana asifiwe, washarika!"

"Amina!"

"Niliwaambia siku nitakayovaa kanga ndiyo mwisho wa dunia. Nimevaa. Kilichoisha ni ugali tu." Wakacheka tena, nikasubiri. "Mnasema binti yangu ni mfeministi. Sijui, mtamuuliza mwenyewe. Ninachojua ni kwamba leo amehubiri mpaka nimesahau jiko nililokabidhiwa, nami sijawahi kusahau chakula hata siku moja. Mimi mzee wa mtaa wake nasema ndiyo. Aende."

Vigelegele vikapigwa. Naomi akaja mbio akanikumbatia, nami nikamkumbatia kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umeshika fundo la kanga.

Tulikula maharage ya Baba Yohana na mikate ya dukani. Kwenye mnada wa sadaka, baada ya mayai na maboga, Mama Yohana akaunadi na ule ugali, mwiko ukiwa bado umesimama. Mama Naomi akaununua kwa ajili ya nguruwe wetu. Waliula, lakini polepole, kama wanaoshauriana.

Naomi sasa yuko chuoni. Lile neno la ufeministi nimemwomba anieleze, akanieleza vizuri, mengine nimekubali na mengine bado tunabishana kwenye simu, lakini simkatizi. Nami nimeweka nadhiri: sitaitabiria tena dunia mwisho wake nikiwa na kipaza sauti mkononi. Ukija kweli, Bwana na anikute jikoni na suruali ya shamba, namuuliza Mama Naomi unga utiwe lini.