Muchanga Yenye Prezida Alilamba

Mama Kapinga hakuingia mu club juu ya kupenda bantu. Tuseme kweli. Aliingia juu ya maharagi.

Kila siku ya posho, ni kusema samedi, asubui, bantu ya ile club ya kusaidia muji balikuwa banakutana mu salle ya parokia, kule Manika. Banavaa magile ya jaune, vile bizibao ya manjano, banasema, banapigiana makofi, kisha banasikia njala. Njo balimuita Mama Kapinga abapikie. Ye akapika. Lakini mulango ya kuisini ilikuwa wazi, na masikio yake haifungake. Siku moja akasikia Tata Lukusa, prezida, anasema na sauti ya misa:

"Mwaka hii, bandugu, tutapanda tena miti mbele ya dispanseri."

Mama Kapinga akatoka na mwiko mu mukono.

"Miti gani tena, tata? Ile ya mwaka yenye ilipita, mbuzi ya infirmier, ule muuguzi, ilikula yote. Mulipandia mbuzi."

Bantu bakacheka mpaka viti bikalia. Tata Lukusa hakucheka. Ye ni mwenye depo ya dawa, shati yake inapigwa pasi mpaka ku kola, na hakuzoea mupishi amujibu. Lakini Jocelyne, secrétaire, mwalimu ya primaire, binti ya akili, akafungua kaye yake akaandika: Mama Kapinga, memba mupya. Vile njo aliingia. Maharagi hakuacha kupika, juu bale bengine habajue ata kuchagula majiwe mu maharagi.

Ye ni muzaliwa ya Kolwezi. Baba yake alitoka Kasai, balimuleta na treni kutumika mu mine. Masomo alisoma miaka mbili. Ya tatu mama yake akazaa mapacha, masomo ikaishia pale. Akaolewa na Muteba, mutumishi ya concentrateur, kule banasaga majiwe na kutosha shaba. Muteba alikufa zamani. Batoto bane, bote beko na manyumba yabo. Na ye mwenyewe, miaka makumi mbili na mbili alitumika ku dispanseri ya kartie, anafula mashuka ya materinite, kwenye bamama banazalia. Bamama yote ya ile kartie, ye njo alifula damu yabo. Hakuna hata mumoja mwenye anaweza kumupandishia pua.

Na mu ile miaka yote, nafasi ya kufulia haikuwake. Robine, bomba ya maji, iko nyuma ya ile materinite, chini ni udongo. Mvula ikinyesha, ni matope mpaka mu kifundo ya muguu. Dada ya mwenye amezaa anainama, anafula bilamba ya mutoto mu beseni. Kimoja kikimuponyoka, anaanza upya. Mwaka ya mwisho ya kazi, Mama Kapinga aliteleza pale na mashuka yake, akaangukia mukono ya kushoto. Ikavunjika. Haikuunga muzuri: mpaka leo kiganja inaangalia pembeni, sawa mutu mwenye amekasirika.

Basi kitu alikuwa anataka kilikuwa kimoja. Sakafu ya simenti nyuma ya materinite, meza mbili ya simenti ya kufulia, na mufereji ya kutosha maji inje. Mbele ya mvula kuanza. Kwisha.

Siku ya kuchagula projé ya mwaka, Tata Lukusa akaleta yake: bote bapande gari, baende Nzilo kuangalia barrage, ule ukuta ya kuzuia muto, "kujifunza mambo ya maji."

"Na kuku ya kuchoma?" Mama Kapinga akauliza.

"Ah, mama, bantu balazima kula."

"Njo nilisema. Maji ya kujifunza iko nyuma ya materinite, inatembea mu matope. Haiombe gari."

Jocelyne akasema: tupige kura, mikono yulu. Bakahesabu benye banataka sakafu. Mama Kapinga akainua ule mukono ya kushoto, makusudi.

"Ule unasema ndiyo ao hapana?" Tata Lukusa akauliza. "Unaangalia kwingine."

"Unaangalia kwenye ulivunjikia, tata. Uhesabu."

Ikapita, ilizidi na mikono mbili tu. Ile siku alirudi kwake na miguu, akiimba yote ya kanisa, ata ya Pasaka, na hatukuwa mu Pasaka.

Kazi bakaiweka siku ya posho ya pili ya septemba. Simenti ilifika. Majiwe ilifika. Muchanga, Tata Lukusa alisema ni ye atatafuta, na bantu bakamupigia makofi. Ile asubui kamio, lori kubwa, ikaingia, ikamwanga mulundu ya muchanga karibu na robine: laini, safi, rangi ya majivu, hata jiwe moja haikuwamo. Jocelyne akapiga foto. Stany, maçon, fundi ya kujenga, kijana ya Kamina mwenye alifika Kolwezi mwezi mbili tu, akaipitisha mu vidole akafurahi.

"Hii haiombe hata kuchekecha, prezida."

"Mi nilisema nini?" Tata Lukusa akajibu, akanyoosha gile yake.

Mama Kapinga akainama. Akachukua kidogo mu kiganja, akaisugua na kidole.

Ile muchanga aliijua. Zamani, Muteba alikuya nayo mu borweti, kigari ya kusukuma, kutoka ku kazi, anapiga miluzi. Ni ile yenye machine inatapika kisha kusaga majiwe na kutosha shaba, lakini shaba yote haitoshake, ingine inabakia ndani. Muteba akasiliba kuisini mpya, kibambazi, ukuta yake, ikangaa. Mvula ya kwanza, ikatoa jasho. Mvula ya pili, ikakuwa rangi ya majani, sawa lengalenga imechemshwa, kisha ikavimba, ikaanza kuanguka kipande kwa kipande, na kipande kimoja kikaanguka mu nyungu ya bukari, ugali yenyewe, mbele ya bageni. Muteba amelala mu makaburi miaka makumi mbili, na ile kibambazi Mama Kapinga hajamusamehe. Akifika mbinguni, ni ile njo ataanza nayo.

Sasa akabakia ameinama, na bantu banazani mugongo inamuuma. Yulu ya Manika mawingu ilikuwa inajikusanya. Akisema, Tata Lukusa atapata sababu ya kusema tuache, mwaka kesho. Akinyamaza, sakafu itamwangwa leo, foto itapigwa, na mwaka kesho itakuwa rangi ya majani na kuvunjika, na bilamba ya batoto ya siku tatu itafuliwa yulu ya ile sumu. Na akilomba ingine, batamujibu: mama, siye tulisha kufanya. Hii njo ilimuogopesha kupita yote.

Akasimama.

"Tata prezida. Hii muchanga ilitoka wapi?"

"Upande wa Mutoshi, ku mine, mama. Rafiki yangu mumoja alitupa bure."

"Bure."

"Bure kabisa."

"Lamba."

"Eti nini?"

"Lamba, tata. Mi naanza." Akatia kidole mu muchanga, akaigusa ku lulimi, akatema mbali. "Sasa we. Kidogo tu. Mwenye depo ya dawa anaogopa kulamba?"

Simu ya Jocelyne ilikuwa ingali yulu. Tata Lukusa akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona hakuna pa kupitia. Akalamba. Uso wake ikajikunja sawa kitambaa ya kusafisha meza, akatema, akatema tena, akaomba maji.

"Iko namna gani?" Mama Kapinga akauliza.

"Sawa... sawa musumari. Inauma lulimi."

"Na ngozi ya mutoto ya siku tatu?"

Stany akatupa chini muchanga yenye ilikuwa mu mukono wake, akajipanguza ku suruali.

"Mi nilisilibiwa nayo kuisini," Mama Kapinga akaambia bote. "Mvula mbili, ikaoza. Hii ni taka ya shaba. Simenti haiikamate."

"Basi," Tata Lukusa akasema, anapanguza kinwa, "kama ni vile, tuache kwanza. Tutajipanga muzuri, mwaka kesho..."

"Nilijua! Nilijua ile mwaka kesho iko njiani."

Akachukua beseni yake ya kuoshea maharagi, ikingali na maji, akamwanga ile maji, akaiweka ku kichwa. Chini ya kartie kuko kamuto, muto kadogo. Bamama banachimba muchanga pale tangu zamani, ya kweli, yenye inalia mu mukono. Haina bwana. Akaanza kushuka peke yake, mukono ya kulia inashika beseni, ya kushoto inaangalia pembeni.

Hakugeuka. Lakini akasikia viatu nyuma yake. Jocelyne alikuwa amefunga gile mu kiuno sawa kitenge.

"Mama Kapinga, unatembea mbio!"

"Ni wee unatembea sawa foto."

Kisha akasikia borweti ya Stany inalia. Kisha bengine ya club: karani ya ofisi ya Manika, muchuuzi ya mafuta, hata ule tata mwenye kila kikao alikuwa analala. Na kisha ya bote, na kindoo ya rangi mu mukono, suruali imekunjwa, Tata Lukusa. Viatu yake alikuwa amebeba mu makwapa.

Ile siku club ikajua kazi. Kupanda kutoka ku kamuto ni mulima, na muchanga yenye maji haina huruma. Bamama ya kamuto balibaona na magile yabo, bakalia kicheko: "Leo bakubwa banaomba nini kwetu?" Bakabaonyesha namna ya kubeba, nguo ya kuviringa ku kichwa, shingo isikunjame. Tata Lukusa alipanda mara kumi na ine. Mama Kapinga alihesabu. Mara ya kumi na moja, bakapishana ku njia, Tata Lukusa akamuambia, pumzi juu juu:

"Mama, ungeliniambia pembeni. Si mbele ya simu."

"Pembeni ungesikia? Pembeni nilisema miaka makumi mbili."

Tata Lukusa akahamisha kindoo ku bega ingine, akapanda. Mukubwa akipanda kimya na kindoo ku bega, ni kitu muzuri kuona.

Balirudia posho yenye ilifuata, na ingine tena, na ile muchanga ya bure kamio ikairudisha kwenye ilitoka. Mwisho ya septemba sakafu ilikuwa imekauka, na meza mbili, na mufereji. Mu foto ya mwisho hakuna gile hata moja ya jaune. Yote ilikuwa rangi ya udongo. Jocelyne alisema njo foto yake muzuri kupita zote.

Mvula ya kwanza ikanyesha oktoba, siku mbili bila kupumzika. Siku ya tatu asubui Mama Kapinga akafungua mwavuli, akaenda nyuma ya materinite. Akakuta binti mumoja, Falonne, anafulia dada yake mwenye alizaa jana. Anasimama wima, miguu mikavu. Mama Kapinga hakumusalimia ata. Akainama ku meza, akakwaruza na kucha, akaangalia kucha. Akalamba kidole.

"Kambo," Falonne akasema, sawa anaita bibi yake, ameogopa kidogo, "unatafuta nini?"

"Rangi."

"Rangi gani? Hakuna rangi hapa."

"Njo muzuri."

Pale pale Tata Lukusa akatokea ku kona na kopo na burashi. Alisema anakuya kuandika jina ya club ku meza, juu bantu bajue. Mama Kapinga akainua kifuniko ya kopo, akaangalia ndani. Rangi ya majani.

"We tata! Hata siku moja hautaogopa ile rangi?"

Tata Lukusa akaangalia kopo, akaangalia meza, na safari hii akacheka ye wa kwanza. Akarudi ku muji kutafuta bleu, rangi ya mbingu.

Mama Kapinga kumusamehe, hapana, ile miti ya mbuzi ingali mu kichwa yake. Lakini posho yenye ilifuata alimuwekea maharagi mu sahani ya kwanza. Na ile asubui ya kopo ya rangi, mbele ya kurudi kwake, akatosha kitenge ya yulu yenye alivaa, akailoweka, akailaza ku meza mpya karibu na bilamba ya mutoto ya Falonne. Kwake robine iko. Sabuni iko. Lakini akafulia pale tu, wima, na mukono ya kushoto ikikamata kitenge vile inaweza.