Kisa cha Anas na Fimbo Yangu

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo nilikuwa nimeizika, mwanangu, na wiki iliyopita kijana mmoja hapa Kasulu amenifukulia. Nimekasirika tangu hapo. Nimemkasirikia yeye, nimejikasirikia na mimi mwenyewe, na ninaandika kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kumtetea.

Nilikuwa napita nje ya madrasa yake baada ya Alasiri. Nikamsikia anawasimulia watoto habari za Anas, yule aliyemtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa miaka kumi. Nikasimama nisikilize, nimefurahi. Kisha nikasikia fimbo. Mtoto alikuwa amekosea kukirudia kisa. Nilipoingia kumkanya, mwalimu akanijibu kwa tabasamu na adabu zote: "Shikamoo Bibi. Baba alisoma kwako kule Titye. Ananiambia fimbo yako ilikuwa hailali. Mbona yeye amekuwa mtu?"

Nikageuka, nikarudi nyumbani. Jibu langu ni hili.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu wa watoto wadogo katika kijiji kimoja upande wa Titye. Sauti nilikuwa nayo, na majivuno pia hayakupungua. Wanafunzi wangu walisema Kiha nyumbani. Kiswahili wengi walikiokota kwangu, na Kiarabu ndiyo usiseme. Miongoni mwao alikuwemo Zaina, wa miaka saba. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki, akabaki na bibi mzaa mama. Bibi huyo alikuwa mtu wa kanisani, Jumapili haikumpita. Lakini baba wa mtoto, aliyekuwa Muislamu, alimwomba kabla hajafa kwamba binti yake asome dini ya baba yake, na yule bibi akaishika ahadi. Kila siku alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, jembe begani, kisha akaenda zake shambani. Hebu fikiria: mtu asiye wa dini yetu anatukabidhi amana yetu kwa mikono miwili!

Maulidi yalikaribia, na wageni wangetoka mjini. Nikataka watoto wangu wasimame wahadithie sira, maisha ya Mtume, bila kukwama, wageni waulize nani amewafundisha. Zaina nilimpa kisa cha Anas. Siku ya mazoezi akafika pale Anas anaposema kwamba katika miaka yote ile Mtume hakumwambia hata "uf" ya kukereka, wala hakumuuliza kwa nini umefanya hivi au mbona hukufanya vile. Hapo hapo akakwama. Macho yalikwenda kwenye fimbo yangu, midomo ikacheza bila sauti.

"Nyoosha mkono," nikamwambia. Nikamchapa. "Sema! Mtume hakumwambia nini?" Nikamchapa tena, na tena.

Umesikia sawasawa, mwanangu. Nilimpiga mtoto ili anieleze upole wa Mtume. Na darasa zima hakuna aliyeshangaa, hata mimi sikushangaa, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Kesho yake Zaina hakuja. Alikuja bibi yake, peke yake, bila jembe. Nikajiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliketi kwenye mkeka wa watoto, akanyoosha miguu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mwalimu, mimi sikusoma. Niambie ile habari ya mtumishi wa Mtume wenu."

Nikamsimulia, tena kwa madaha, nikidhani namfundisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa mkubwa namna gani?"

"Miaka kumi, alipoanza kutumika."

"Wangu ana saba. Jana ugali nimemlisha mimi. Mkono haufungi." Akainuka, akajikung'uta vumbi. "Mtume wenu nimempenda. Ninyi ndio sijui mmemsomea wapi."

Nimekaripiwa na mashekhe, mwanangu, na nimesemwa na wakwe. Hakuna aliyenipata kama mama yule.

Jioni nikaenda kwao kumwomba mtoto radhi. Nilimkuta anachambua maharage kwa mkono mmoja. Aliponiona akajificha nyuma ya bibi yake. Nikaketi chini kwenye udongo, nikaifungua mikono yangu aione ni mitupu. "Zaina, nimekukosea. Nisamehe." Halafu nyuma ya kanga ya bibi ikaanza sauti ndogo: "Anas alisema..." Akakihadithia kisa chote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama hata mahali pamoja. Alikuwa anakijua siku zote. Fimbo yangu ndiyo iliyomsahaulisha.

Madrasa hakurudi tena. Bibi yake alijaribu mara mbili kumleta. Wakifika njia panda mtoto analia mpaka anatapika, wanarudi. Ahadi aliyopewa marehemu ikavunjika, na aliyeivunja si yule mama wa kanisani. Niliivunja mimi, mwalimu wa dini.

Sasa wewe, mwalimu kijana, unaniambia baba yako amekuwa mtu! Unamwona baba yako kwa kuwa alibaki. Zaina humwoni. Wangapi wameondoka nyuma ya migongo yetu, nasi tunasema vijana wa siku hizi hawapendi dini? Tumo mwaka 2015, watoto wenu wanashika simu, na nyinyi bado mnashika fimbo ile ile niliyoitupa mimi baada ya Zaina. Msiniletee ule wa samaki mkunje angali mbichi. Kukunja si kuvunja. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, itakuwa mtoto wa Adamu?

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukitaka kumfundisha mtoto habari za Mtume na masahaba, weka kwanza fimbo nje ya mlango. Siku moja Anas alitumwa, akasahau njiani, akasimama na watoto wanaocheza. Mtume alimfuata, akamshika kisogo kwa nyuma, naye anacheka. Kama huwezi kucheka hivyo mtoto anapokosea, basi kisa hiki usikifundishe. Nenda kakisome upya. Mtoto hatakumbuka ulichosema juu ya Mtume kama atakavyokumbuka uso wako ulipokuwa unakisema.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Akujaalie watoto wakisikia viatu vyako mlangoni wakukimbilie. Na Zaina, popote alipo, Mungu amponye mkono ule, na amlipe bibi yake kwa kila asubuhi aliyotuletea mtoto wetu.