Macho ya Fundi Ukutani

Fundi alishona sare za shule katika karakana yenye vyerehani sita, na tangu azaliwe macho yake hayakuwahi kutulia. Yalikwenda kulia na kushoto, harakaharaka, bila yeye kuyatuma. Akitaka yatulie kidogo aligeuza uso kushoto, akatazama kwa pembeni. Hapo alitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja tu. Lakini wateja walidhani anawakata jicho. Wengine walisogea karibu kumnusa, wakidhani kalewa. Mpiga pasi wa karakana akamwita Macho Ngoma, na jina likashika.

Fundi alikwisha kuzoea. Kilichomchoma ni binti wa dada yake, mwenye miaka saba, aliyezaliwa na macho yaleyale. Siku moja alirudi kutoka shuleni uso umemvimba kwa kulia. Mwalimu alikuwa amemwambia mbele ya darasa zima, "Nikisema unanigeuzia shingo? Unanidharau?" kisha akamhamishia dawati la nyuma kabisa.

Ndiyo maana mratibu wa chama fulani alipokuja karakanani kutafuta mtu wa kurekodiwa kwa ajili ya siku ya uhamasishaji kuhusu macho ya namna hii, Fundi alikubali papo hapo.

"Tunataka umma uelewe," mratibu alisema.

Walimrekodi asubuhi nzima. "Usigeuze uso, dada. Yaache yacheze," mpiga picha alimwambia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Fundi alikaa mbele na mtoto, mratibu pembeni yake. Taa zikazimwa, na macho yake yakatokea ukutani, kila moja kubwa kama mlango. Uso haukuwepo, mikono haikuwepo, wala cherehani. Macho tu, yakikimbia huku na huko, na mtu alikuwa ameyawekea ngoma, kila pigo likifuata mwendo wake. Nyuma mtu mmoja alicheka puani, halafu safu nzima.

"Inatia huruma jamani," mratibu alinong'ona, akifuta machozi kwa karatasi ileile aliyofutia mafuta ya vitafunio mdomoni.

Mshereheshaji akadakia, "Dada yetu, hebu simama utuonyeshe yenyewe!"

Simu zikainuliwa. Mwanamume mmoja aliinama, akaisogeza yake mpaka usoni kwa mtoto. "Kumbe na haka nako kanayo!"

Fundi aliupiga kofi mkono wake, simu ikaanguka. Akamfuata mshereheshaji na kumnyang'anya kipaza sauti.

"Zimeni huo uchafu."



"Sijalewa. Sina pepo. Siambukizi mtu. Na dunia haichezi machoni mwangu. Mmekaa tuli, nawaona hadi makombo midomoni. Nikichoka yanazidi. Mkinikodolea hivi, yanazidi. Nikigeuza uso, simdharau mtu, ndivyo ninavyoona. Hayo yangeelezwa kwa dakika moja. Nyie mkaona bora ngoma."

Wakapiga makofi. Mikono ileile iliyoshika simu! Akamshika mtoto, wakatoka.

"Mama mdogo, umemkasirikia nani?"

"Wote."

Wiki iliyofuata mratibu alipiga simu, wala si kuomba radhi. Alisema video ya Fundi akifoka imetazamwa na watu wengi mno, je, anaweza kurudia? "Na mwishoni ukilia kidogo, dada, itapendeza zaidi."

Fundi alikata simu, akatema mate dirishani.

Kesho yake alivua aproni akaenda shuleni mwenyewe. Alimweleza mwalimu maneno yale aliyoyasema ukumbini, safari hii kwa sauti ya kawaida. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa akae wapi?" akauliza.

Wakajaribu dawati moja baada ya jingine, mtoto akisoma ubaoni kwa sauti. La katikati alikwama. La kulia ndilo lililomshinda kabisa. Alipokaa mbele, upande wa kushoto kando ya dirisha, uso ukageuka wenyewe, ubao ukawa kwenye pembe ya jicho, akausoma mstari wote bila kukwama.

"Nisamehe, mwanangu," mwalimu alisema, akageuka kwa Fundi na kumpa mkono.

Fundi aliutazama ule mkono. Ndio uliomwonyesha mtoto dawati la nyuma. Akaitikia kwa kichwa tu, na mtoto alikuwa ameshaanza mstari wa pili.