Mashine ya Luberizi ilisema ujumbe umekwenda

Saa nne asubuhi, mtaa wa Nyamianda, Uvira, mashariki mwa Kongo. Félicité Nyirabahizi anasoma mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta, anaurudia, kisha anashuka kwenye unaofuata. Chai yake imepoa.

"Mistari yote niliisoma jana," anasema. "Lakini hata ule wenye kosa nilikuwa nimeusoma."

Félicité huandika programu za kompyuta. Vituo vya afya vya bonde la Ruzizi huomba dawa mjini kwa programu iliyotungwa kwa ajili ya Linux, mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta, ilhali mashine vilizopewa ni za Windows, mfumo mwingine. Yeye ameandika sehemu ya katikati: programu ikiomba njia ya mtandao kwa namna ya Linux, sehemu hiyo inaiomba Windows kwa namna yake.

Amri nyingi zina majina yaleyale katika mifumo yote miwili, anaeleza, na hapo ndipo penye mtego. Ujumbe ukishindwa kwenda, Linux huacha namba ya kosa mahali fulani. Windows huiweka kwingine. Kwenye mstari mmoja alisahau kubadilisha mahali pa kutazama. Programu ikatazama pale pa zamani, haikukuta kosa, ikaamini mambo ni sawa.

Mwezi uliopita muuguzi Placide Ciza wa Luberizi alipokea wagonjwa wa kipindupindu, akaomba serumu, maji ya dripu. Mtandao ulikuwa umekatika, hata simu haikushika. Mashine ikaandika: umetumwa.

"Miye nikangojea," anasimulia Placide. "Mashine iko inasema imeenda. Na mama mumoja alikuwa haongei tena."

Jioni alichoka kungoja, akamtuma mwendesha pikipiki. Mjini hakuna aliyekuwa na habari. Serumu zikaletwa, na mama yule, mkulima wa mpunga, akapona.

Félicité alikwenda Luberizi kumweleza Placide kwamba kosa lilikuwa lake. Muuguzi hakumkaripia. Alimuuliza tu, "Madame, makosa ingine iko?"

Alirudi Uvira, akaanza kuisoma programu yote upya, mstari kwa mstari.

Kosa lile amelirekebisha. Sasa kituo cha Lubarika, ambako ugonjwa umeanza kuonekana, kinaitaka programu hiyo haraka. Amewasihi wangoje kwanza. Anapanga kwenda kuketi na wauguzi wa huko na kukata mtandao mbele yao, tena na tena, waone mashine itaandika nini.

"Mashine ikishindwa, iseme imeshindwa," anasema. "Hapo muntu atajua kutafuta njia ingine mugonjwa akiwa bado anaongea."