Nilisema Picha za Yusta ni Zangu

Ndugu zangu, nimekosa! Sina wa kumsingizia. Jina langu niachieni, ila kosa lenyewe nawapa lote, maana kulibeba peke yangu kumenishinda.

Mimi ni mchoraji, nakaa Ipuli, Tabora. Au nilikuwa mchoraji, siku hizi hata sijui nisemeje.

Nilikuwa na mwenzangu, nimwite Yusta, binti wa Ulyankulu. Tulipanga pamoja chumba cha kazi nyuma ya saluni. Mimi hodari wa majengo, miti na njia. Yeye nyuso. Jamani, nyuso zile! Ukizitazama unaona haya, kama umeingia kwa mtu bila hodi.

Mimi nilikaa nikisubiri kuitwa Dar. Nabandika picha mtandaoni, nalaani bahati yangu, nalala. Yusta alitembea. Aliingia shuleni, zahanati, hata kwa wauza asali, picha zake kwapani: "Shikamoo, hamna ukuta mnaotaka upendeze?"

Nilimcheka. "Dada, msanii hapigi hodi kama muuza karanga."

"Sasa kaka, watajuaje kama nipo?"

Siku moja akanipigia mzee mmoja aliyekuwa anamalizia nyumba ya wageni Bukene, karibu na stesheni. Alitaka ukumbi mzima uchorwe msafara wa zamani, wapagazi na mizigo yao wakielekea Ujiji. Kazi ya kumtoa mtu kimaisha!

"Kuna binti anaitwa Yusta kaniletea picha zake," akasema. "Unamfahamu?"

Wivu ukanikaba. "Namfahamu, mzee. Ila picha zile nilichora mimi. Yeye hujaza rangi tu."

Mzee akaguna. "Ajabu. Mbona yeye ndiye aliyenipa namba yako? Kasema kazi hii haiwezi bila wewe."

Mungu wangu! Hapo ndipo ningesema, mzee, nisamehe, nimeteleza ulimi. Sikusema! Nikajisikia namwambia, "Basi nitakuja peke yangu."

Yusta alipopata habari kwa yule mzee hakupiga kelele. Alisimama mlangoni tu. "Kaka, ni kweli ulisema hivyo?"

"Ndiyo biashara, dada," nikamjibu, macho kwenye simu.

Alikusanya brashi zake akarudi kwao Ulyankulu.

Kule Bukene anga lilinitoka vizuri, miti ya miyombo nayo. Nilipofika kwa wapagazi, mkono ukagoma. Nachora, nafuta, nachora tena. Watu wangu wote wakafanana, macho kama vifungo vya shati. Mzee akaja, akautazama ukuta mwanzo hadi mwisho.

"Kijana, zile picha za mwanzo hazikuwa zako."

Nikainama. Kesho yake fundi akaupaka ukuta wote rangi nyeupe, nikiwa nimesimama palepale. Aibu gani ile!

Habari ikanitangulia Tabora. Sasa hakuna anayenipa hata kibao cha duka. Nikaona heri niende Ulyankulu, nimwangukie Yusta miguuni.

Nilimkuta yeye na mama yake wakifunga tumbaku.

"Shikamoo mama. Natoka Tabora, nilikuwa nachora na Yusta."

"Marahaba, baba. Kumbe wewe ndiye yule kaka yake wa Tabora!" Mama akafurahi, akanipa kigoda. "Afadhali umekuja. Hebu mwambie arudi kuchora. Mimi hanisikii, wala hasemi kilichomsibu."

Hakuwa amemwambia! Yusta akanitazama, anangoja niseme. Nikashindwa tena, ndugu zangu. Nikaomba maji.

Alinisindikiza mpaka barabarani. "Nimekusamehe, kaka," akasema. "Ila nikishika brashi natetemeka. Usije tena."

Nimeua vipaji viwili, chake na changu. Naamka asubuhi sijui niende wapi. Nifanye nini mimi?

Wewe msanii unayesoma hapa, kama una mwenzako anayezunguka kutafuta kazi na kulitaja jina lako mahali usipokuwepo, usimwonee wivu. Inuka utembee naye. Na kama umeshamsemea uongo, kimbia ukaukane uongo huo leo hii, mbele ya wale wale uliowaambia, angali anaweza kushika brashi. Mimi nilichelewa.