Ngoma Iliyoanikwa Juani

Dobi alikuwa mtu wa mikono. Mchana mikono hiyo ilikuwa mali ya hospitali: ilifua, ilikamua, ilipitisha mashuka kwenye mashine ya kunyoosha, mamia kwa siku. Jioni za Jumatano na mchana wa Jumamosi ilikuwa yake mwenyewe. Aliipeleka kwenye ukumbi wa kikundi chao cha ngoma, akaketi nyuma ya ngoma kubwa, ile inayowaamuru wachezaji wageuke lini na wakome lini. Mumewe, mtu mpole asiyejua hata kupiga makofi sawasawa, alizoea kusema kwamba alioa mke akaongezewa na kelele.

Kisha mashine ikambana vidole viwili vya mkono wa kulia. Akakaa na plasta mwezi mmoja na nusu. Ilipotolewa, daktari alivikunja vidole, akavikunjua, akasema, "Vimepona, mama. Sasa vitumie." Rahisi kwake kusema! Vilikuwa vyembamba, vimepauka, na asubuhi havikuweza hata kufunga kifungo cha gauni.

Ngoma ina sauti ya kiganja, nzito, katikati ya ngozi. Hiyo hata mtoto ataitoa. Halafu kuna ile kali, ya vidole ukingoni, ambayo wapigaji huiita kofi. Bila kofi, ngoma kubwa haimwamuru mtu. Dobi aliogopa, tena aliogopa hasa, kwamba kofi lake limekufa, na kwamba siku atakapojaribu, ukumbi mzima utajua.

Basi akawa hajaribu. Alikuwa na visingizio kumshinda mwanafunzi mtoro. Leo ngozi ina unyevu. Leo kamba zimelegea. Wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani na kinara wa wachezaji, alimtazama wiki tatu mfululizo akiipasha ngozi joto kwenye jiko la ukumbi bila kuipiga.

"Wifi, hiyo ngoma unaipiga au unaipika?"

"Ina baridi."

"Hata maharage yangekuwa yameshaiva."

Jumamosi ya nne Dobi akafanya jambo ambalo mpiga ngoma halifanyi. Alifika saa sita, peke yake, akaitoa ngoma uani, akaiacha kwenye saruji, uso juu, jua likiwa kali. Kila aliyewahi kushika ngoma anajua kwamba ngozi ya mbuzi ukiiacha hivyo inaweza kupasuka. Alijua. Ngozi mpya huchukua siku nyingi kuwambwa na kukauka, na hizo siku alizitaka kuliko kitu chochote. Akarudi ndani, akakaa kusubiri mlio wa kupasuka, aibu ikimtafuna.

Haikupasuka. Saa nane Wifi alifika, akaikuta uani, akaigonga kwa ukucha. Ikalia kali hadi barabarani. Akaitazama ngoma, akamtazama Dobi aliyesimama mlangoni. Fundi wa nguo huujua mshono uliofumuliwa kwa makusudi. Aliibeba ndani, akaiweka mbele ya kiti, akavua viatu.

"Kaa. Tunaanza na ule wa visiwani."

Huo ni mchezo uliowafikia kutoka visiwa vya Karibi, ambako watu wa Afrika waliopelekwa utumwani hawakuacha kupiga ngoma. Humo mambo ni kinyume: mchezaji ndiye anayeamuru, na ngoma hujibu kila afanyalo, bega, mguu, sketi. Mpigaji hana nafasi ya kufikiri. Akifikiri, amechelewa.

"Lakini mkono wangu..."

"Mkono sijauita. Nimekuita wewe."

Wifi akaanza taratibu. Hatua mbili, Dobi akajibu kwa kiganja cha kushoto. Bega, akajibu tena kwa kushoto, akijificha. Ghafla Wifi, mwanamke mwenye mwili wake, akarusha upindo wa sketi kama anayefukuza kuku jikoni, na kofi likatoka. La mkono wa kulia. Dobi alilisikia kabla hajajua kwamba amelipiga. Ngozi iliyokazwa na jua haikutaka nguvu, ilitaka kuguswa tu. Upindo tena, kofi tena. Halikuwa kubwa kama la zamani, na kidole kimoja kiliuma hadi kwenye kiwiko, lakini lilikuwa kofi, na lilikuwa lake. Mzigo wa wiki zote zile ukamtoka kifuani, akacheka, akalia, vyote kwa pamoja.

"Wifi, niliianika ili ipasuke."

"Najua."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusema ungepata ugomvi wa kujificha ndani yake. Nikakunyima."

Dobi akafuta uso kwa khanga. Alitaka kuomba radhi, alitaka kushukuru, akafungua kinywa.

"Utaniambia baadaye," alisema Wifi, mikono hewani, akiyumba. "Nimesimama kwa mguu mmoja na uzito huu wote. Nijibu kabla sijaanguka!"

Dobi akamjibu, kwa mikono yote miwili.