Maneno Saba ya Kung'aa

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Naishi Segese, lakini mizani huwa hainifuati nyumbani, mimi ndiye ninayeifuata. Wiki hii ni ile mikubwa ya pamba, wiki ijayo ni ya samaki kule Chato, kisha midogo ya wanunuzi wa dhahabu Nyarugusu, iliyofungiwa ndani ya vioo kwa sababu hata pumzi ya mtu huitikisa. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilianza kujifunza nikiwa nimeshapita miaka thelathini, kwa kamusi isiyo na jalada niliyoinunua mnadani kwa mtu aliyekuwa anafungia karanga kwa kurasa zake. Kuanzia A hadi katikati ya C yote yalikuwa yameshaondoka na karanga.

Kamusi ile ilikuwa ya Kiingereza kwa Kiingereza. Neno usilolijua linaelezwa kwa neno jingine usilolijua, unalifuata hilo, nalo linakurudisha ulikotoka. Katika herufi G nilizunguka hivyo kwa muda mrefu. Nilikutana na "glow", "gleam", "glitter", "glint" na "glisten", na mbele zaidi "shine" na "shimmer". Kamusi ndogo ya Kiswahili niliyoazima kwa mwalimu mmoja ilinijibu kwa kifupi kwamba yote saba ni kung'aa. Sikuridhika. Fundi mizani hawezi kukubali kwamba vitu saba vina uzito mmoja kabla hajaviweka kwenye sahani.

Basi nilijiwekea utaratibu. Neno jipya naliandika daftarini kwa penseli. Linabaki la penseli mpaka nikione kwa macho yangu kitu kinachostahili neno hilo na si jingine. Nikishakiona, naliandika upya kwa kalamu ya wino, na pembeni naandika mahali.

"Glow" niliipata kwenye jiko la mama mmoja anayeuza chapati hapa Segese, moto ukiwa umekwisha na mkaa umebaki mwekundu. Mwanga ule ulitoka ndani ya mkaa wenyewe, haukuliomba jua kitu. "Glisten" niliipata Chato, kwenye mgongo wa sangara aliyetolewa majini wakati huo huo. Nilisimama nikamtazama mpaka alipokauka, na alipokauka neno likamwacha. "Shimmer" ilikuwa lami ya kwenda Shinyanga saa saba mchana, barabara ikitetemeka mbele yangu kama maji. "Glint" ilikuwa jembe begani mwa mwanamke aliyekuwa mbali sana, mara moja tu, basi. "Shine" ilikuwa jua lenyewe, likitoka nyuma ya mawingu. "Glitter" nilikuwa naikanyaga kila siku bila kujua. Ni zile chembe za mawe kwenye barabara ya changarawe baada ya mvua, taa ndogo nyingi zinazowaka na kuzima kadiri unavyotembea.

Siku niliyoigundua hiyo, nilishuka kwenye baiskeli nikasimama. Niliwaza kwamba mahali fulani mbali, zamani, watu wasiojua kusoma walitazama mwanga kwa uangalifu mkubwa, wakautenganisha kama mtu anayechambua maharage kwenye ungo, kila aina wakaipa jina, na majina hayo yakafika mpaka kwangu kwa njia ya karanga. Kisha nikaiuliza lugha yangu. Kuna kumeta, kuna kumeremeta, kuna kuwaka, kuna kumulika. Kuna kumetameta, neno ambalo lenyewe linawaka na kuzima mara mbili mdomoni. Kiswahili hakikuwa maskini. Maskini nilikuwa mimi, niliyekuwa napita humo ndani nikisema kung'aa, kung'aa.

"Gleam" peke yake ilibaki ya penseli. Kamusi ilisema ni mwanga mpole usiocheza. Kila nilipodhani nimeupata, kwenye kengele ya baiskeli au kwenye sahani ya mizani, niligeuza kichwa kidogo nao ukacheza.

Dada yangu mkubwa ni mjane, na analima nje kidogo ya Nyarugusu. Kijiji sitakitaja. Ameniruhusu niandike kwa sharti hilo. Ana shamba moja, karanga upande wa juu na mihogo upande wa chini, na hapo ndipo anapokula mwaka mzima. Mwaka huu alianza kuchimba choo kipya pembeni mwa karanga. Aliyemchimbia ni jirani, mwanaume aliyefanya kazi ya kuchimba dhahabu miaka mingi, mmoja wa wale tunaowaita wanaapolo. Siku ya tatu jirani alitoka shimoni na jiwe linalowaka kama kioo kilichovunjika, akalionyesha njia nzima.

Dada alinipigia simu asubuhi.

"Mdogo wangu, lile daftari lako la kung'aa bado unalo?"

"Ninalo."

"Lilete. Huku watu wameanza kunisalimia vizuri kuliko kawaida."

Nilielewa mara moja. Kijiji cha pili kutoka kwake, mtu mmoja alisema neno dhahabu kwenye shamba la mahindi, ikawa rashi, yaani watu wakamiminika kutoka kila upande na sululu zao. Leo pale hakuna shamba. Kuna mashimo, na mwenye mahindi anapanga chumba kwa watu. Dada alikuwa anaogopa karanga zake.

Nilifika kabla ya saa nne. Jirani alikuwa amekaa kwenye kifusi, na nyuma yake, nje ya ua wa minyaa, walisimama watu kama kumi na watano wasio na shughuli yoyote.

"Mwangaluka, fundi!" jirani alinisalimia kwa Kisukuma. "Njoo umwone dada yako, mwenye duara jipya."

"Duara la nani?" dada alimjibu, maana duara kwa wachimbaji ni shimo la dhahabu. "Nimekuita unichimbie choo."

"Choo cha dhahabu, shemeji. Utakuwa unaingia na viatu."

Watu nje ya ua walicheka. Dada hakucheka. Alinipa jiwe.

Nilifanya kama nilivyozoea. Nililiweka juani, nikaligeuza polepole. Mwanga ulikatika upande mmoja ukaruka upande mwingine, ukawa taa ndogo nyingi, kila moja na zamu yake. Niliingia nalo chini ya paa la jiko na taa zote zikazima. Hiyo ilikuwa "glitter" bila shaka yoyote, ile ile ya barabarani. Nilijisikia fahari ambayo sasa naionea aibu. Nilitoka nje nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye minyaa:

"Hakuna kitu hapa. Hiki kinametameta tu. Dhahabu haifanyi hivi."

"Eti kamusi imesema," jirani alisema. "Mimi nimekula vumbi la mashimo nusu ya maisha yangu, yeye amekula karatasi."

"Wifi yuko njiani," dada alisema. "Tusubiri wifi."

Wifi yake ni dada wa marehemu mume wake. Huosha mchanga wa dhahabu Nyarugusu, na wenye mashimo humwita kabla ya kuamua wachimbe wapi. Alifika na kinu cha chuma, karai, kitambaa na pakiti ya sabuni ya unga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akilichukua jiwe mkononi mwangu. Alilitazama muda mfupi kuliko unaotosha kufunga kifungo.

"Shemeji, umesema hakuna kitu?"

"Ndiyo. Kile kinachowaka si dhahabu."

"Kweli si dhahabu. Hivyo vinavyowaka ni takataka." Aliligeuza jiwe akanionyesha upande wa nyuma, wa rangi ya kutu, uliochakaa kama bati la zamani. "Na huku umepima?"

Huku sikuwa nimepima. Nilikuwa nimetazama sehemu iliyoniita tu. Miaka yote ile nilikusanya namna za kung'aa, na sikuwahi kufikiria kwamba kitu kinaweza kuwemo mahali pasipong'aa kabisa.

Alivunja ule upande wa kutu, akautwanga kwenye kinu mpaka ukawa unga, akauchekecha kwa kitambaa. Alimimina unga kwenye karai, maji kidogo, na chembe chache za sabuni, ili kilicho kidogo sana kisielee kikaondoka na maji. Kisha akachuchumaa, akawapa mgongo watu wa nje, akaanza kuzungusha.

Naishi kwa vipimo, na nimeona mikono mingi ya uangalifu, lakini mikono ile ilinyamazisha kila kitu ndani yangu. Maji yalikwenda ukingoni yakarudi. Matope mekundu yalitoka, yakafuata ya kahawia, kisha mchanga mweusi ukabaki umejilaza kama unyusi. Aliinamisha karai kidogo, akaupitishia maji ya mwisho kwa kiganja. Mchanga mweusi ulisogea, na nyuma yake ukabaki mstari wa njano, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, mrefu kama ukucha wa kidole kidogo.

Alihamisha mwili wake akaufunika ule mstari kwa kivuli chake. Nilingoja uzime. Haukuzima. Aligeuza karai kulia, akaligeuza kushoto, na ule mstari ulibaki vile vile, mtulivu, bila kucheza, kama vile jua lilikuwa habari ya vitu vingine. Nilijua neno lake, lile lililobaki la penseli. Halikunifurahisha kama nilivyodhani lingenifurahisha. Nilihisi udogo, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya ibada akiwa na kofia kichwani. Kitu kile kilikuwa kimekaa chini ya karanga za dada yangu tangu kabla hapajawa na mtu wa kukipa jina, kwa lugha yoyote.

Sasa kuna desturi moja, na waosha mchanga wa kule wanaishika sana. Anayeosha hasemi alichokiona. Humpa karai mwenye ardhi, mwenye ardhi hutazama, na yeye ndiye hutamka. Akishatamka, wengine hawaongezi neno. Wifi aliinuka, akampa dada karai kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua mbili.

Dada alitazama. Watu walisogea mpaka kwenye minyaa, hata jirani alikuwa amesimama. Nilimwona dada akiinamisha uso, akiinamisha zaidi, mpaka nikadhani anataka kunywa. Midomo yake iliachana. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Mimi ninayepima kila kitu sikupima.

Kisha alitia mkono wake wote ndani ya karai, akakoroga, akamwaga maji na mchanga kwenye tuta la karanga.

"Hamna kitu," alisema. "Nendeni mkapike."

 Jirani alimgeukia wifi.

"Mama, kweli?"

"Mimi mkono wangu unaosha. Kuongea unaongea wa mwenye shamba."

Jirani alinigeukia mimi. "Haya, fundi. Wewe unayepima hata pumzi ya nzi. Umeona nini?"

Watu wote walinitazama. Sijazoea kusema uongo kuhusu kipimo. Mteja akiniuliza mizani yake inaiba au haiibi, namjibu hata kama ataninyima kazi. Neno lilikuwa limenifika kooni, neno sahihi kabisa, nililolitafuta kwa miaka. Niliangalia matuta ya karanga, yalikuwa yameanza kutoa maua.

"Mwenye shamba ameshasema," nilimjibu.

"Si ulisema mapema wewe mwenyewe kwamba hakuna kitu?" mtu mmoja aliuliza kutoka kwenye minyaa.

"Nilisema," nikajibu, na nilichokionea aibu saa moja iliyopita kikanisaidia.

Jirani aliguna, akatema mate pembeni. "Ukoo mzima hawa wagumu kama magogo," alisema, na watu wakacheka, na kicheko kilipokwisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Alipochukua chepeo ili arudi shimoni, dada alimzuia.

"Kina kinatosha. Leta magogo tufunike."

"Shemeji, hakijafika hata nusu ya ulichoniambia."

"Mimi ndiye nitakayekitumia. Kinatosha."

Mchana ule ule tulilaza magogo, tukamimina zege juu yake, tukaacha tundu. Kifusi chote, pamoja na jiwe la kuwaka na ndugu zake, tulikirudisha kuzunguka kingo. Wifi alishindilia kwa miguu, akasema hajawahi kumwona mwanaapolo akiingiza sululu chooni kwa watu, hata mwenye njaa kiasi gani.

Jirani alipokwenda kuoga, tulibaki watatu chini ya paa la jiko. Wifi alikuwa anakausha karai lake. Nilimuuliza dada kama ana uhakika aliuona ule mstari, kwa maana macho yake si ya zamani.

"Niliuona," alisema.

Alipukutisha saruji iliyoganda kwenye vidole.

"Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe," alisema. "Sikujua kama kuna kitu kinaweza kukaa hivyo, kimetulia, hakikuombi ukitazame. Ndiyo maana nilikimwaga haraka. Ningekitazama kidogo zaidi, hao watu ningewaita mimi mwenyewe."

Wifi aliacha kukausha, akamtazama, akaitikia kwa kichwa tu.

Dada alisimama, akachukua ndoo, akaenda kumwagia zege maji lisije likapasuka kwa jua.